Doa Jeupe Kwenye Ramani

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Bi Rula wima katikati ya ukumbi wa Manispaa, macho ya watu mia mbili yamemganda usoni. Mchimba makaburi alikuwa ameuliza swali moja tu, na swali hilo liliwaharibia waheshimiwa asubuhi yao yote.

"Mmechora stendi kuu juu ya makaburi," alisema. "Mimi nauliza tu. Abiria watapandia wapi, na maiti watashukia wapi?"

Watu walicheka, kisha wakaona si jambo la kucheka. Meya aligeukia ramani iliyotanda ukuta mzima, Mpango wa Miaka Ishirini, akakitafuta kiwanja cha stendi kwa kidole, akauliza: "Ramani ya msingi alichora nani?"

Ndipo Bi Rula aliposimama.

Kwa mnaotusoma leo kwa mara ya kwanza, jueni hivi. Bi Rula ni mchora ramani wa Idara ya Mipango Miji, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, ambaye mstari wake haujawahi kupinda. Miaka kumi na minne iliyopita alipewa daftari la mpimaji achore upande wa mashariki wa mji. Kila kitu kilikuwemo: kijito, kibanda cha pampu ya maji, njia ya miguu, na uwanja ambamo watu walianza kuzika baada ya makaburi ya zamani kujaa. Alitakiwa kuandika herufi nane tu, MAKABURI.

Hakuziandika. Siku tisa kabla yake alikuwa amemzika mwanawe palepale, binti wa miaka sita, jino la mbele limeng'oka mwezi uleule, nyumba nzima ikimwita Kijino. Homa ya siku tatu ilimchukua. Mkono wa mama ulifika mahali pale kwenye karatasi ukakataa katakata. Akapaacha peupe.

Na desturi ya idara ile ni kwamba mahali pasipothibitishwa huachwa peupe mpaka mpimaji arudi. Mpimaji hakurudi. Vijana wa kompyuta walipokuja kuihamisha ramani waliona peupe, wakasoma patupu. Patupu, ekari kumi na mbili, ubavuni mwa barabara kuu! Mpangaji gani wa mji angepaona akapaacha?

Haya, turudi ukumbini.

Bi Rula alifungua mdomo. Jibu likasikika, ila halikutoka kwake.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Vichwa vyote vikageuka. Alikuwa Penseli, mkuu wa idara, mzee mwembamba ambaye hajawahi kuonekana bila penseli nyekundu nyuma ya sikio. Alibakiza miezi mitatu tu kustaafu.

"Wewe?" Meya alikunja uso. "Mzee mzima, kosa la kitoto namna hii?"

"Karatasi ina sahihi yangu. Aliyetia sahihi ndiye mwenye ramani."

"Si kweli!" Bi Rula alipaza sauti. "Mheshimiwa, aliyechora ni..."

"Kaa chini, mama," Penseli alimkata bila kumtazama. "Umeshachoka."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia dada yake aache kubeba ndoo nzito. Bi Rula akakaa. Alikaa, wasomaji, na aibu ya kukaa kule itamfuata mpaka mwisho wa hadithi hii.

"Kabla sijatoka," Penseli akaendelea, "naomba dakika moja. Mpango huu unasema mji wetu wa watu laki mbili utafika watu laki tano. Tumehesabu watakaozaliwa, tukawatengea madarasa. Tumehesabu magari, tukayapa barabara. Hata taka tumezihesabu. Watakaokufa hatukuwahesabu. Kurasa mia tatu na arobaini, na hakuna hata nusu ekari ya kumlaza mtu. Kwa hiyo kosa si hilo doa peke yake, mheshimiwa. Sisi wote humu ndani tumepanga mji ambamo hafi mtu."

Mchimba makaburi alivua kofia.

Meya alinong'onezana na madiwani wawili, akarudi kwenye kipaza sauti. Kila mmoja alidhani stendi imekufa. Hapo ndipo tulipodanganyika sote.

"Stendi haiondoki," alisema. "Barabara tatu zinakutana pale, na mpango wote umefungwa kwenye fundo hilo. Ukilifungua, umefungua kila kitu. Makaburi yatahamishiwa ng'ambo ya machimbo ya mawe. Kila familia ina siku kumi kuja kuonyesha kaburi lake. Litakaloonyeshwa litahamishwa na jina lake. Lisiloonyeshwa litaingia kwenye kaburi la pamoja. Wewe mzee, kabidhi ofisi leo. Na wewe mama uliyesimama, eneo unalijua?"

"Nalijua," Bi Rula alijibu kwa sauti iliyokauka.

"Basi utasimamia zoezi."

Alitikisa kichwa kukubali, na papo hapo kijasho chembamba kikamtoka mgongoni. Maana katika miaka kumi na minne hakuwahi kukanyaga pale hata siku moja. Yeye, msimamizi, hakujua mwanawe amelala wapi.

*

Alimkuta Penseli ofisini akipanga vitu vyake kwenye boksi la karatasi za kuchapia. Kikombe, miwani ya akiba, rula ya chuma iliyofutika namba.

"Kwa nini umefanya vile?" Bi Rula aliuliza kabla hata hajafunga mlango.

"Nimefanya nini?"

"Mzee, usinizungushe. Nimekuharibia miaka thelathini na nane ya kazi."

Penseli alikaa kwenye kona ya meza. Alionekana mdogo kuliko kawaida yake.

"Kila karatasi iliyotoka humu niliipitia kwa hii nyekundu," alisema, akiigusa penseli sikioni. "Unajua. Nilikuwa nawatesa wote kwa koma na nukta. Unafikiri ekari kumi na mbili zingenipita?"

Bi Rula hakuelewa upesi. Kisha akaelewa, akashika mgongo wa kiti.

"Uliona?"

"Niliona. Nikashika penseli nikuzungushie. Nikainua macho, nikakuona pale mezani kwako, leso imekauka kichwani hujaibadilisha tangu msibani. Nikasema, nitamwambia mwezi ujao, akipata nguvu. Nikatia sahihi. Mwezi ujao nikasema mwezi ujao. Huruma yangu ndiyo imejenga stendi pale, mama. Si mkono wako."

Bi Rula alilia. Hakulia kwa kuficha uso, alilia waziwazi kama mtoto aliyeanguka, na mzee yule hakujua afanye nini na mikono yake, akaishia kumpa kitambaa cha kufutia wino. Uso ukamchafuka kwa wino. Wakacheka kidogo, kicheko kibaya, kilichokatika njiani.

"Sikiliza," Penseli alisema akibeba boksi. "Kaburi la Kijino unalijua?"

"Baba yake anajua. Huenda kila mwaka."

"Basi mwambie akuonyeshe leo. Usingoje kesho. Mimi nimeona ngoja-ngoja inavyofanya."

*

Mumewe ni fundi bomba wa Idara ya Maji, mtu wa maneno machache, na mtaani wanamwita Fundi hata wakwe zake. Kila mwaka, tarehe ileile, hubeba jembe na panga asubuhi, akarudi saa saba viatu vimejaa udongo mwekundu. Mkewe hamuulizi kitu. Humwekea maji ya kunawa, na siku huisha hivyo. Hawakujaliwa mtoto mwingine.

Bi Rula alimkuta ameinama chini ya sinki la jikoni, spana mkononi.

"Baba Kijino."

Spana ikaacha kuzunguka. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile tangu mwaka wa msiba.

Akamweleza yote: ukumbi, stendi, siku kumi, kaburi la pamoja. Alipofika kwenye ramani alisita, akapiga moyo konde, akasema: "Na aliyepaacha peupe ni mimi."

Fundi hakutoka chini ya sinki. Mkewe aliona miguu tu, akasikia sauti.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni wewe. Najua mwaka wa nane huu."

Nyinyi mlidhani bomu lilikuwa la mke. Subirini.

Fundi alitoka polepole, akakaa sakafuni na kuegemea kabati. Nywele zake zilikuwa na utando wa buibui, na mkewe alitaka kuutoa, akashindwa kuinua mkono.

"Unakumbuka ile mvua kubwa, iliyobeba daraja?" aliuliza.

"Nakumbuka."

"Ilibeba na vibao. Nilipokwenda mwaka ule sikukuta kibao hata kimoja. Matuta yamelala, udongo umekuwa kama umepigwa pasi. Nikazunguka mpaka saa tisa. Nikamuuliza mchimba makaburi, akasema daftari hakuna, ofisini hawakuwahi kupaandikisha. Nikasema, ofisini kuna ramani, mke wangu anafanya kazi huko. Kesho yake nikaja, wewe ulikuwa umetumwa wilayani. Karani akanifungulia karatasi. Nikaona kijito, nikaona pampu, kila kitu umechora vizuri. Pale peupe. Chini kwenye kona kuna jina lako na tarehe. Nikahesabu tarehe. Siku ya tisa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Ungenitukana hata!"

"Nilitaka. Nilifika nyumbani nimejiandaa. Nikakukuta umelala na gauni lake." Fundi aliifuta spana kwa shati. "Nikakausha, nikanyamaza."

Bi Rula alikaa sakafuni pia, upande wa pili wa ndoo ya kukingia maji ya bomba.

"Lakini kila mwaka unakwenda. Unarudi na udongo."

"Ndiyo."

"Unalima wapi?"

Fundi alijibu akiitazama ndoo.

"Nilichagua moja. Lililofanana. Nikasema hili litakuwa lake, nikalipalilia, nikalipangia mawe. Mwaka wa kwanza nilijua nimechagua. Mwaka wa tatu nikaanza kuamini. Sasa hivi mama, nakuapia, ukiniuliza nitakuambia ni lake. Nimezungumza naye pale miaka minane."

Bomba lilikuwa linadondoka ndani ya ndoo, na fundi bomba bingwa wa mji mzima hakuinuka kulifunga.

*

Siku kumi zilikwenda mbio.

Msimamizi aliweka sheria mwenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka, akabandika mlangoni mwa kibanda cha pampu. Marehemu mmoja, kaburi moja, kigingi kimoja. Mwisho ni siku ya kumi, saa sita mchana. Daftari likifungwa halifunguliwi. Alikuwa mkali kwa sababu siku ya pili tu ndugu wawili walikaribia kutoana macho kwa kaburi la mama yao, kila mmoja akitaka vigingi viwili kwa usalama.

Watu walikuja. Wengine walikwenda moja kwa moja wakapiga magoti. Wengine walizungukazunguka kama waliopoteza funguo, wakiinama, wakiinuka, wakiulizana. "Si pale penye kichaka?" "Kichaka kipi sasa?" Wengi waliondoka mikono mitupu, na kila aliyeondoka alipita mbele ya meza ya Bi Rula akasema ahsante mama, kwa kuwa hakujua anamshukuru nani. Mzee mmoja alimuuliza: "Hivi ofisi haina hata kijiramani?" Akajibu haina. Jibu hilo alilitoa mara themanini na tatu, na kila mara lilimkata palepale.

Siku ya tisa, karani wake wa vigingi alipokwenda kula, Bi Rula alifanya jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Siku ya mazishi, miaka ile, alitembea kutoka kona ya kibanda cha pampu mpaka kaburini, shangazi mmoja kwapa hili, shangazi mwingine kwapa lile. Na akili yake ya kazi, isiyo na adabu wala huruma, ilihesabu. Hakuitaka ihesabu. Ilihesabu tu, kama ilivyozoea kuhesabu hatua za kila kiwanja. Sitini na moja, uso ukielekea kwenye nguzo ya umeme. Namba hiyo alikuwa ameizika ndani yake miaka kumi na minne.

Alisimama kwenye kona. Akatazama nguzo. Akaanza.

Hatua ya sitini na moja ilimfikisha kwenye tuta dogo lililomezwa na magugu, halina jiwe, halina chochote. Kaburi la Fundi, lile lililopangiwa mawe meupe na kufyekwa likang'aa, lilikuwa mbali, safu nne upande wa kulia.

Alibishana na nafsi yake. Siku ile alikuwa anaburutwa, hatua zilikuwa fupi. Shangazi mmoja alijikwaa. Nguzo huenda ilibadilishwa. Alijipa sababu zote ambazo mpimaji mwaminifu angezitoa. Lakini alipopiga magoti akaweka kiganja kwenye yale magugu hakuweza kukitoa.

Alikaa hapo mpaka karani aliporudi akamuuliza kama anaumwa.

*

Siku ya kumi. Saa tano na nusu.

Fundi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amenyoa. Bi Rula alimwona anakuja kutoka barabarani, akashindwa kujizuia kukumbuka alivyokuja hivyohivyo siku ya harusi, shingo imekazwa na kola.

"Msimamizi," alisema, akijaribu mzaha. "Na sisi tumo kwenye foleni?"

"Mmechelewa sana, bwana. Mlikuwa wapi?"

Walitabasamu, na kila mmoja akaona jinsi tabasamu la mwenzake lilivyokuwa likitetemeka.

Karani wa vigingi alikuwa msichana mwepesi, ana haraka zake, hajui lolote. Alilamba ncha ya kalamu. "Haya wazazi wangu, mmebaki nyinyi. Jina la marehemu?"

Wakalitaja jina, lile la cheti.

"Umri?"

"Sita," wakasema pamoja.

Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea. "Poleni sana. Nionyesheni basi ni lipi."

Fundi aliinua mkono wa kulia akayaonyesha mawe meupe. Wakati huohuo, kabla hajajishika, mkono wa Bi Rula ulikwisha kunyooka kushoto.

Karani aliangalia kulia. Akaangalia kushoto.

"Sasa jamani?"

Fundi aliufuata mkono wa mkewe kwa macho, mpaka kwenye yale magugu. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alimtazama mkewe kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeshika majibu.

"Umepima?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kumbe anamjua vizuri namna hiyo! Neno moja tu lilitosha. Angesema nimepima, hatua sitini na moja, Fundi asingebisha. Angeamini, kwa kuwa mstari wa mkewe haujawahi kupinda. Angekwenda kuishika ile kweli, na kwa mkono mwingine angeshika miaka minane ya kupalilia mtoto wa mtu asiyemjua, kumsimulia habari za nyumbani, kumwambia mama yako hajambo, anakusalimu.

Na asiposema, kigingi kitakwenda kwenye mawe meupe. Wiki ijayo vijana wa Manispaa watakuja na majembe, na lile tuta la magugu litachukuliwa pamoja na yasiyo na wenyewe.

Kigingi kimoja. Sheria yake mwenyewe, mwandiko wake mwenyewe, imebandikwa pale mlangoni.

"Mama?" karani alihimiza. "Saa sita kasoro dakika nne."

Bi Rula alishusha mkono. Aliwaza kwamba kupaacha peupe alipaacha yeye, na aliyekwenda kukaa kwenye ule weupe kwa niaba yao wote wawili ni huyu mwenye shati la pasi. Aliwaza kwamba hatua za mtu anayeburutwa si kipimo. Aliwaza mengi, na hakuna hata moja lililomtuliza. Msimlaumu bado, wasomaji, mimi mwenyewe nimeandika mstari huu nikausimamisha mara mbili.

"Sikupima," alisema. "Andika la baba yake."

Fundi alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msibani, wakatembea pamoja mpaka kwenye mawe meupe. Karani alipiga kigingi kwa nyundo, mapigo manne. Nambari mia mbili na kumi na saba. Akaandika jina, akawapa kalamu, baba akatia sahihi, mama akatia sahihi.

Bi Rula alitia sahihi akiwa amegeuka, mgongo wake ukielekea kwenye magugu. Alihisi kana kwamba mtu mdogo anamtazama kisogoni. Hakugeuka.

"Mwanangu," Fundi alikuwa akilinong'oneza tuta, ameinama, kiganja juu ya jiwe. "Mama yako amekuja. Nilikuambia atakuja."

King'ora cha saa sita kikalia kutoka Idara ya Maji. Karani akapiga mstari chini ya nambari ya mwisho, akafunga daftari, akalitia kwenye mkoba.

Ndipo waliposikia fimbo ikigonga mawe ya njiani.

Alikuwa bibi mmoja, mtu mzima sana, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, anahema. Hakwenda mezani. Alipita moja kwa moja bila kuuliza njia, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaja akasimama kwenye mawe meupe, upande wa pili wa kigingi. Aliwatazama wale wawili, mmoja baada ya mwingine, na uso wake wote ukachangamka.

"Ni nyinyi!" alisema. "Kumbe ni nyinyi mnaompalilia mjukuu wangu?"

Kiganja cha Fundi kilikuwa bado juu ya jiwe.

"Mimi naishi mbali, wanangu, naja mara moja kwa mwaka nikijaliwa. Kila nikija nakuta pamefyekwa, pamepangwa, pazuri. Nikasema huyu ni malaika au ni mtu? Nimewaombea sana. Leo basi limetuharibikia njiani, nikajua nimechelewa, wameshamchukua mtoto wangu. Kumbe mmenitangulia, mmemwekea na kigingi!"

Alifika akamshika Fundi mikono yote miwili, akaitikisa, machozi yakimtiririka kwa furaha. Bi Rula alimwona mumewe anapoteza rangi, anamgeukia yeye, na machoni mwake mna swali lilelile la dakika tano zilizopita. Mkoba wa karani ulikuwa umefika karibu na barabara.

Bibi akatazama huku na huku juu ya yale matuta, bado amemshika Fundi mikono.

"Na nyinyi je, wanangu?" aliuliza. "Wa kwenu amelala wapi?"